Manjano Hayaingii Machoni

Kiponda, Unguja
12 Disemba 2023

Kwako Mama mdogo Salhiya,

Shikamoo. Huku tuko wazima. Bibi mzima isipokuwa magoti, na mimi mzima isipokuwa usingizi, kwa kungoja matokeo ya kidato cha nne. Baba alipiga simu kutoka Wete, anakusalimu. Mke wake amejifungua mtoto wa kiume.

Nimeona nikuandikie. Unajua nikishika simu maneno yananikwama, na simu yenyewe ni kile kitochi cha Bibi, naye hukiweka spika hata akiongea na muuza mkaa. Msabah amekubali kuchukua barua zangu kila akija Maskati kununua manukato, na kuniletea zako.

Mzigo umefika salama. Kitambaa nimekipenda sana. Zile chupa za vidonge, Bibi aliniambia nimsomee maandishi. Nikamsomea: manjano yaliyokolezwa, pamoja na pilipili manga, kwa ajili ya viungo. Akacheka.

"Manjano! Yametoka shambani Kizimbani, yamepanda ndege, yamekwenda Uarabuni yakavaa koti, yamerudi. Na mimi mwenyewe ndege sijaipanda."

Bi Mwanapili, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwapo. Akasema, "Mayasa, mwanao anakuuzia maji ya kisima chako."

Lakini kicheko cha Bibi kilikuwa cha mdomoni tu. Ndiyo maana nataka kukuuliza jambo, nawe ukiona si adabu unisamehe. Katika jiko letu hakuna manjano. Sijayaona tangu nizaliwe. Nilipokuwa darasa la tano nilinunua pakiti Darajani ili nipike mchuzi wa samaki kama wa Bi Mwanapili. Bibi aliimwaga chooni, karatasi na kila kitu, akanawa mikono mara tatu. Nilidhani hapendi harufu.

Sasa anayameza kila siku baada ya kula. Jana nilimuuliza, imekuwaje leo Bibi anatumia manjano? Akanijibu, "Simezi manjano. Nnameza mkono wa mwanangu."

Wewe hujarudi tangu mimi nikiwa mchanga. Kuna nini, Mama mdogo? Huku hakuna anayeniambia.

Mwanao,
Mwanakheir

---

Ruwi, Maskati
3 Januari 2024

Mwanangu Mwanakheir,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, mteja mbele yangu ananigongea meza. Mimi sijambo. Baridi ya huku mwaka huu imezidi, nnalala na soksi. Mpe baba yako hongera ya mtoto.

Matokeo usiyaogope. Ulisoma, nami nnajua ulisoma.

Kuhusu vidonge: kimoja tu kwa siku, baada ya chakula. Sisemi ni muujiza. Hapa dukani wapo wazee wanaoniambia magoti yamelegea, wanapanda ngazi, na wapo wanaonirudishia chupa nusu kwa hasira. Kuna utafiti unaosema yanasaidia maumivu ya viungo kidogo, na kuna unaosema bado haijulikani. Nilimpelekea kwa sababu nnazikumbuka ngazi za nyumba ile. Mwambie kimoja. Mama yangu akiambiwa kitu kizuri hukizidisha.

Kuhusu manjano ya jikoni, kila mtu ana anachokichukia. Mimi sili bamia. Usimuulize tena.

Kile chumba cha juu bado kinafungwa?

Nakutumia kalamu mbili na sabuni. Msalimie Bi Mwanapili, mwambie maji ya kisima changu ni matamu.

Mama yako mdogo,
Salhiya

---

Kiponda, Unguja
6 Februari 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Nimepata daraja la pili. Bibi alipiga kigelegele dirishani mpaka wenye duka chini wakatoka kutazama. Nilijificha nyuma ya pazia. Sabuni zimefika, kalamu ndiyo hii.

Vidonge vimemsaidia, hilo ni kweli na lazima nikwambie. Zamani alikuwa akipanda ngazi moja moja, mkono ukutani, anahesabu kwa kuguna. Sasa anakwenda mpaka darini kuanika nguo. Nilimwambia kimoja kwa siku, akasema kama kimoja kimefanya hivi, vitatu vitamchezesha ngoma. Ile chupa ya pili amefika nusu. Nimejaribu kuificha. Aliipata.

Umeniuliza habari ya chumba cha juu. Kilikuwa kimefungwa. Miaka yote Bibi alisema magoti hayamfikishi, basi ufunguo ulikaa tu kwenye mtungi. Sasa magoti yanamfikisha. Kila siku baada ya sala ya alasiri anapanda, anafungua, anakaa. Wiki iliyopita nilimfuata na chai. Nilisimama nje ya mlango kwa sababu nilisikia anaongea.

"Leo umeamkaje?" alisema. Akangoja, kama mtu anayesikiliza. Kisha akasema, "Na mimi hivyo hivyo."

Nikaingia. Ndani hamna mtu, hamna kitu, ila kitanda kisicho godoro. Karibu na dirisha, kimo cha mtu aliyekaa kitandani, kuna alama ya kiganja ukutani. Ya manjano. Chokaa imepita juu yake kila mwaka kabla ya Ramadhani, kwa maana nimemwona fundi akipewa ufunguo na kupanda na ndoo, lakini kiganja kinarudi.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Na mwenye chumba. Weka chai."

Nilijua ni marehemu mama yangu. Sikuuliza.

Jambo jingine. Watu wanamsifu Bibi kwamba anang'ara. Bi Mwanapili alimshika shavu kibarazani mbele ya wanawake wote. "Mayasa, umekuwa wa dhahabu! Unajisinga manjano? Kama pana posa utwambie, tusije tukaikosa pilau."

Wanawake wakacheka. Bibi naye akacheka, akasema, "Nnajisinga, ndiyo. Uzee nao unataka mapambo."

Wakaridhika. Nani asiyejua ngozi ya mtu aliyesingwa, akasuguliwa manjano mwili mzima? Bi harusi huwa hivyo, na mwanamke aliyejifungua huwa hivyo.

Lakini mimi ndiye ninayefua. Manjano hayatoki kwenye nguo. Na foronya za Bibi ni nyeupe kabisa.

Nilitaka kuandika kitu kingine hapa, nimeacha. Msabah anangoja mlangoni.

Mwanao,
Mwanakheir

---

Ruwi, Maskati
28 Februari 2024

Mwanangu,

Hongera ya daraja la pili. Hongera mara mia. Ningeanza na hilo hata kama nyumba ingekuwa inaungua, kwa sababu umelifanyia kazi.

Nimepiga simu mara tatu tangu nisome barua yako. Kila mara Mama anachukua, anasema, "Nnang'ara, mwanangu, uliza watu." Nilikuomba wewe. Ulisema "hajambo" kama mtoto anayesoma ubaoni. Nikajua amekushika mkono. Nilipaswa kukwambia palepale, lakini spika ilikuwa wazi na yeye anasikia. Basi nnaandika.

Uliniuliza kuna nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba ulipozaliwa. Mama yako Ulfat alikuwa kwenye chumba cha juu, siku zake arobaini, na kazi yangu ilikuwa kusaga manjano na kumsinga asubuhi na jioni. Mwili mzima, uso, shingo, viganja. Kile kiganja ukutani ni chake, alijishika akitaka kuinuka.

Wanawake walikuja kukutazama wewe na kumsifu yeye. Anang'ara, walisema. Ulfat hakuwahi kupendeza hivi. Alikuwa hali chakula, nao wakasema wazazi ndivyo walivyo. Siku ya ishirini na mbili nilikuwa namfuta uso akageukia dirishani, na jua likampiga. Nikaona weupe wa macho yake umegeuka.

Manjano hayaingii machoni, Mwanakheir.

Nilijua kuna jambo. Nilikuwa msichana tu, mambo ya mzazi si yangu kuyasemea. Nikanyamaza. Sikumwambia mtu. Siku ya ishirini na tisa akafa. Hakuna daktari aliyemwona, na mpaka leo hatujui ulikuwa ugonjwa gani. Tulikuwa tumeufunika kwa mikono yetu. Kwa mikono yangu. Bibi yako hakujua lolote, kosa ni langu peke yangu, na mjini wapo waliolisema. Ndiyo maana niliondoka.

Nilipoziona zile chupa dukani nilikaa nazo mkononi siku mbili. Nilitaka manjano yamfanyie wema mmoja wetu.

Sasa sikiliza. Mpeleke dirishani mchana, tazama macho yake. Ukiona, usinijibu, usiningoje, wala usimngoje Msabah. Vidonge viache siku hiyo hiyo, mpeleke hospitali, chukua chupa ukaionyeshe. Useme kwa sauti. Ukionekana huna adabu, uonekane.

Salhiya

---

Unguja
17 Machi 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Leo nimekosa cha kukuhadithia kabla ya jambo lenyewe, unisamehe.

Barua yako ilinifikia tarehe tisa. Msabah alishukia Dar es Salaam kwenye harusi ya binamu yake, akakaa nayo mfukoni siku kumi. Aliniletea na halua.

Nilikuwa nshayaona macho. Hicho ndicho nilichotaka kuandika Februari nikaacha. Niliyaona siku ileile ya chai, pale dirishani. Nilijiambia ni jua. Kisha nikajiambia ni uzee. Ulipopiga simu Bibi alikuwa kanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, na alama za kucha zake zilinibakia.

Nilisoma barua mara moja, nikaenda jikoni. Alikuwa anachambua mchele kwa ajili ya Ramadhani.

"Bibi, twende hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Wewe."

"Mimi? Nnapanda darini kuliko wewe."

"Macho yako yamegeuka rangi."

Akaendelea kuchambua. "Nani kakufundisha kumtazama mkubwa machoni?"

Mama mdogo, sijawahi kumjibu Bibi hata siku moja. Niliiondoa sinia ya mchele mbele yake. Nikamwambia kama hatoki nitafungua dirisha nimwite Bi Mwanapili na mtaa wote waje waone. Akajipangusa mikono, akasema nimletee buibui.

Hospitalini tulimpata daktari mwanamke, kijana, sauti yake ndogo.

"Bibi, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Situmii."

"Hata ya kienyeji?"

"Hata ya kienyeji. Nnajisinga manjano tu, mwanangu, ndiyo hii rangi unayoiona. Mwambie, Mwanakheir."

Daktari akanigeukia na kalamu mkononi. Bibi naye ananitazama. Nilitoa chupa kwenye mkoba, nikaiweka mezani.

"Hajisingi," nikasema. "Mimi ndiye ninayefua. Anakula hivi miezi mitatu, sasa vitatu kwa siku."

Sauti yangu ilitoka kubwa mno. Watu kwenye benchi nje waligeuka. Bibi akafunga macho, kama mtu aliyetukanwa.

Wamempima damu. Ni ini. Daktari ameniambia hawezi kuapa kwamba ni vidonge mpaka aondoe maradhi mengine, na mpaka jana ameshayaondoa mawili. Nilimuuliza manjano yanawezaje kumdhuru mtu wakati kisiwa kizima kinayala. Akasema ya kwenye mchuzi hayana neno, ni chembe, na mengi yanapita tu. Haya yamekolezwa, na pilipili manga inaufanya mwili uyanyonye kwa wingi. Watu wengi hawapati kitu. Wachache ini linakataa, na hakuna anayejua mapema ni nani.

"Magoti yalipata nafuu?" aliuliza.

"Yalipata."

"Ndiyo maana hakuacha," akasema.

Lakini si hiyo sababu. Amelazwa siku nane sasa. Siku tatu za mwanzo hakuniambia neno, hata maji aliyaomba kwa kidole. Siku ya nne nilikuwa namchana nywele, akasema ametazama ukutani, "Nlijua."

"Ulijua nini, Bibi?"

"Nliiona kwenye kioo mwanzo wa Februari. Rangi ile naijua. Nlikaa nayo siku saba ghorofa ya juu."

"Sasa kwa nini hukuacha vidonge?"

"Ningeacha, ungemwandikia kwamba nimeacha, angeuliza kwa nini. Ningekwenda hospitali, wangeuliza nimekula nini, nani kaleta. Watu wangesema Salhiya na manjano yake kaua wa pili." Akavuta shuka. "Nikifa mwenye kujisinga, nimekufa kwa uzee."

Mama mdogo, alikuwa akipanda kule juu kumwambia mama yangu kwamba anamfuata.

Daktari anasema tungoje. Nami nangoja barua yako.

Mwanakheir

---

Kiponda, Unguja
19 Aprili 2024

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Mwezi umekatika hujaniandikia. Simu inaita, huchukui. Msabah anasema duka lako liko wazi na wewe umo ndani, basi najua u hai.

Bibi amerudi nyumbani tangu Idi pili. Ngozi imeanza kurudi rangi yake, macho bado kidogo. Daktari amesema ini linapona polepole, huenda miezi, na kila wiki mbili tunakwenda kupima. Amekonda. Magoti yamerudi kuuma kama zamani na hapandi tena ngazi. Ufunguo wa juu amenipa mimi.

Naomba radhi kwa hili ninalokwambia sasa. Nilimsomea barua yako ya Februari. Sikutaka. Lakini kila akilala alikuwa analia na kulitaja jina lako, nikaona asikie ulivyoandika, kwamba yeye hakujua lolote na kosa ni lako peke yako. Nilidhani itampoza.

Nilipofika pale uliposema hukumwambia mtu, alinishika mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Muongo," akasema. "Muongo, mwanangu yule! Aliniambia. Alishuka ngazi mbio, mikono imejaa manjano, akaja jikoni nilipo na wageni. Akasema, Mama, macho ya dada yamegeuka. Mbele za watu. Nikaona haya. Nikamwambia dada yako ni mzazi tu, hana ugonjwa, wewe unamtabiria mabaya, na hatoki ndani mpaka arobaini yake. Akasema tena. Nikampiga kofi."

Alinionyesha hapa shavuni pake mwenyewe.

"Hakusema tena," akasema. "Si siku ile, si msibani, wala watu walipoanza kumsema yeye. Alinyamaza, nami nikamwacha anyamaze. Kisha akaniaga akaenda zake. Miaka kumi na minane nnamngoja aje anitukane."

Mimi nilikuwa nimeishika barua, sijui niitazame au nimtazame yeye. Mama mdogo, mimi ni mtoto wa Ulfat. Nina haki ya kujua nani kati yenu anasema kweli. Nimelala na swali hili siku nyingi na nimeshindwa kuwachukia nyote wawili.

Bibi ameniambia nikuandikie maneno haya, na ameningoja niyaandike mbele yake: "Mwambie nnalikumbuka kofi lile. Mkono huu huu. Mwambie nilisikia mara ya kwanza."

Nimeandika kama alivyosema.

Mwanakheir

---

Ruwi, Maskati
25 Aprili 2024

Mwanangu Mwanakheir,

Marahaba. Huku joto limeingia. Msabah yuko mlangoni na mkoba wake, anaruka jioni hii, kwa hiyo nnaandika mbio.

Barua zako zote mbili ninazo. Sikukosa la kujibu, nilikosa pa kukaa nikaandike.

Umeuliza nani mkweli. Wewe ulisema mara moja, kwa sauti, na aliyekuwa na sikio akasikia. Hilo peke yake ndilo lililokuwa halijatokea katika nyumba yetu. Mama yako angekuwa na miaka arobaini na moja.

Mwambie Mama yangu kwamba nimetafuta sana akilini na kofi silikumbuki. Jikoni simkumbuki mgeni yeyote. Mwambie kabisa hivyo, hata akikasirika.

Halafu umwambie nafika Alhamisi ijayo.

Salhiya